Fukwe Mbili za Mrithi Mmoja: Historia ya Forodhani na Deni Letu



Kila mwaka, kabla ya kufika kwenye fomu ya mchango, tunapenda kuweka katika kijitabu hiki kurasa chache za historia, ili mwenye kutoa ajue anatolea kitu gani. Mwaka huu tumechagua Forodhani. Mtu aliyehusika sana na sura yake ya sasa, Karim Aga Khan wa nne, alifariki dunia mjini Lisbon tarehe 4 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 88, akazikwa Aswan, Misri. Habari za kifo chake ziliandikwa dunia nzima: farasi wake wa mbio, mashua zake za fahari, hospitali zake na utajiri wake. Sisi tuna la kwetu la kueleza, maana kazi yake mojawapo tunaikalia kila jioni.

Atakayepita Forodhani baada ya magharibi ataona mambo tuliyokulia nayo. Taa za wachoma mishikaki zinawaka, miwa inakamuliwa, urojo unapakuliwa, pweza yuko juu ya makaa. Vijana wanaruka baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwenzake, na wageni wanawapiga picha. Mama aliyekuja kwa miguu kutoka Ng'ambo amekaa na wanawe kwenye benchi moja na mtalii aliyefikia hoteli ya bei kubwa. Hakuna anayemuuliza mwenzake tiketi.

Jambo hilo tunalichukulia kuwa la kawaida, lakini katika miji mingi ya pwani ukingo wa bahari ndio ardhi ya mwanzo kuuzwa na ya mwisho kurudi kwa wenyewe. Kwa hiyo inafaa tujue ya kwetu ilibakije, nani alitoa mkono, na kazi gani imebaki juu yetu.

Sultani, meli yake na mfanyabiashara wake

Jina lenyewe linasema: hapa palikuwa na forodha. Pembe za ndovu, karafuu, gundi ya sandarusi na nguo vilipita hapa na kulipiwa ushuru. Sultani hakuukusanya ushuru huo mwenyewe. Aliukodisha kwa wafanyabiashara wakubwa waliomlipa kiasi kilichokubaliwa, kisha wao wakakusanya. Katika miaka ya 1870 na 1880 mmoja wa waliouchukua mkataba huo ni Tharia Topan, Khoja aliyetoka Kutch akiwa bado mtoto na akainuka mpaka kuwa miongoni mwa matajiri wa kwanza wa Unguja.

Sultani wa wakati huo, Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alianza utawala wake na msiba. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini, vikiwemo vya Sultani, na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Barghash hakukata tamaa. Aliagiza meli mpya kutoka Uskochi, akaipa jina la manowari ya Kiingereza: Glasgow. Ilikuwa meli yake ya fahari, na ilitia nanga mbele ya majumba yake ili kila anayeingia bandarini aione. Baadaye alinunua meli za moshi za biashara zilizokwenda mpaka Bombay na kurudi. Mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib. Akaleta pia maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na watu wa kawaida wakachota.

Huyo ndiye mtu wa kwanza tunayemjua aliyeutazama ukingo wetu wa bahari kama sura ya mji mbele ya dunia. Fahari yake haikudumu. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, manowari za Kiingereza zilizipiga nyumba za kifalme na kuizamisha Glasgow pale pale ilipotia nanga. Milingoti yake ilichomoza juu ya maji kwa miaka mingi, mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Fikirini mtoto wa Forodhani wa zama hizo, akiamka kila asubuhi na kuona milingoti ya meli iliyozama.

Tharia Topan naye aliacha alama yake. Mwaka 1887 aliweka jiwe la msingi la hospitali kwenye barabara ya Mizingani. Akafa mwaka 1891 kabla ya kuiona imekamilika. Jengo likaendelezwa na mjane wake, likauzwa, likawa zahanati, na ndiyo sababu mpaka leo tunaliita Zahanati ya Zamani. Roshani zake za mbao zilizochongwa kama kitambaa cha darizi wote mnazijua.

Bandari mpya ilipojengwa upande wa Malindi katika miaka ya 1920, shughuli za forodha zilihama na uwanja ukabaki wazi. Mwaka 1936 ukafanywa bustani kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Seyyid Khalifa bin Haroub. Wazee wetu waliiita Jubilii. Huko walivaa nguo za sikukuu, bendi ikapigwa, watoto wakanunuliwa ubuyu.

Mrithi wa miaka 20

Mwaka ule ule wa 1936, tarehe 13 Desemba, Karim alizaliwa Geneva, Uswisi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili familia yake ilimleta Nairobi, na sehemu ya utoto wake ikapita huko. Babu yake, Sir Sultan Muhammad Shah, Aga Khan wa tatu, aliijua Unguja vizuri. Alifika hapa mwaka 1899, na katiba ya kwanza ya jamaa za Ismailia wa Afrika Mashariki ilitolewa hapa Unguja mwaka 1905. Ndiye yule aliyepimwa uzito wake kwa almasi mjini Dar es Salaam mwaka 1946. Thamani ya almasi zile iliingizwa katika mfuko wa kukopesha watu wajenge nyumba na kufungua biashara, na ukumbi wa Diamond Jubilee wa Upanga unabeba kumbukumbu ya siku hizo.

Mzee huyo alipofariki Julai 1957, wosia wake uliwashangaza wengi. Aliwaruka wanawe, akamchagua mjukuu aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard, umri wake miaka 20. Sherehe ya kumtawaza Afrika Mashariki ilianzia Dar es Salaam tarehe 19 Oktoba 1957.

Uimamu ni jambo la waumini wake, nasi hatuingii humo. Kinachotuhusu hapa ni urithi wa mali na wa kazi. Kijana huyu alirithi shule, hospitali, bima na mifuko ya fedha iliyotapakaa katika nchi ambazo karibu zote zilikuwa zinaelekea uhuru. Mrithi wa namna hiyo ana njia mbili: kula alichoachiwa, au kukizalisha. Yeye alizalisha, na mahali pa kwanza ulimwengu ulipomwona akifanya hivyo palikuwa ufukweni, mbali sana na hapa.

Tutoke nyumbani kidogo: ufukwe wa Sardinia

Kaskazini mashariki ya kisiwa cha Sardinia, Italia, kuna eneo liitwalo Gallura. Mpaka miaka ya 1950 pwani yake ilikuwa mawe, vichaka na mbuzi. Malaria ilikuwa imewafukuza watu ufukweni kwa karne nyingi, na ilitokomezwa tu baada ya kampeni kubwa ya mwaka 1946 hadi 1950. Inasimuliwa kwamba wafugaji wa huko walipogawa urithi, watoto wa kiume walipewa malisho ya ndani, na ardhi ya pwani wakaachiwa mabinti, kwa sababu haikuwa na faida. Ngano haikuota kwenye chumvi.

Sisi tulio na mashamba ya urithi Nungwi, Paje, Matemwe au Makunduchi tunaielewa hadithi hiyo bila ya kufafanuliwa. Kwetu pia wazee walithamini shamba la mikarafuu na bonde la mpunga. Ufukwe ulikuwa wa kuanikia dagaa na kufukia makumbi.

Karim na wenziwe walianza kununua ardhi ile. Tarehe 14 Machi 1962 waliunda umoja wa wenye ardhi, wakauita kwa jina la Costa Smeralda, yaani Pwani ya Zumaridi, kwa rangi ya maji yake. Yeye akawa mwenyekiti. Kwenye hori moja la bahari wakajenga kijiji na bandari ya mashua, Porto Cervo. Mwaka 1963 ikaanzishwa kampuni ya ndege, Alisarda, kwa kuwa hakuna mgeni atakayekuja mahali pasipofikika. Mwaka 1967 kikaanzishwa chama cha mashua za matanga, Yacht Club Costa Smeralda. Chama hicho ndicho kilichopeleka chombo Azzurra kwenye mashindano ya America's Cup ya mwaka 1983 huko Newport, Marekani, mara ya kwanza kwa Italia kushiriki, na Azzurra ikafika nusu fainali.

Mambo mawili katika kazi ile yanatufaa sisi.

La kwanza ni masharti ya ujenzi. Wasanifu waliokusanywa, akiwemo Luigi Vietti na Jacques Couëlle, walifuata mtindo wa nyumba za mashambani za huko: chini, mawe, chokaa, vigae. Kamati ya usanifu ilipitia kila ramani. Nyaya zilifukiwa chini, miti ya asili ikalindwa. Tajiri aliyetaka ghorofa ya vioo alikataliwa, hata kama fedha alikuwa nazo.

La pili ni ada. Ule umoja wa 1962 ni chama cha wenye nyumba, na kila mwenye nyumba hulipa mchango wake kwa ajili ya barabara, maji, ulinzi, zimamoto na bustani. Aga Khan mwenyewe aliacha umiliki zamani. Mahoteli yale yamepita mikononi mwa kampuni za Kimarekani, na tangu mwaka 2012 yako chini ya mfuko wa Qatar. Wenye mali wamebadilika mara kadhaa, lakini umoja na masharti yake upo mpaka leo. Kilichoidumisha pwani ile baada ya mwanzilishi kuondoka ni daftari la ada.

Tuseme na upande wa pili. Porto Cervo imekuwa jina la anasa. Mwana wa mchunga mbuzi wa Gallura anaweza kufanya kazi kwenye gati ile, lakini kununua nyumba pale ni ndoto. Walioiuza ardhi mwanzo waliiuza kwa bei ya mawe, na baadaye wakaona bei ya zumaridi. Mipango ya kuipanua zaidi ilipingwa na wenyeji na serikali ya kisiwa kwa miaka mingi. Ufukwe ulipendeza, ukahifadhiwa, lakini mlango wake ukawa mwembamba.

Afrika Mashariki kama nyumba moja

Wakati Porto Cervo inajengwa, mtu huyo huyo alikuwa na kazi nyingine huku kwetu. Mwaka 1959 alinunua gazeti la Kiswahili la Taifa mjini Nairobi, na mwaka uliofuata likatoka Daily Nation. Miaka ya mwanzo ya 2000 kampuni hiyo ikaingia Dar es Salaam na kulichukua Mwananchi. Mwaka 1963 aliunda kampuni ya kukuza viwanda, IPS. Wafuasi wake aliwahimiza wachukue uraia wa nchi walizozaliwa.

Njia haikuwa tambarare. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa wengi wa Kiismailia waliondoka Unguja, kama walivyoondoka watu wa jamii nyingine. Mwaka 1971 majengo mengi yalitaifishwa Tanzania Bara. Agosti 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Reli, ndege na posta vikagawanywa. Mfanyabiashara wa kawaida angefunga virago.

Taasisi zake zilibaki, na zilipoweza kurudi zilirudi. Mkataba mpya wa Jumuiya uliposainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, zilikuwa miongoni mwa mashirika machache yaliyokwisha kuzoea kufanya kazi kana kwamba mipaka haipo: chuo kikuu kimoja kinachofundisha wauguzi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, hoteli za Serena Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Msumbiji, bwawa la umeme la Bujagali huko Jinja, megawati 250, lililozinduliwa Oktoba 2012. Julai 2009 waya wa intaneti wa SEACOM, ambao IPS ilikuwa miongoni mwa wanahisa wake wakubwa, uliwasili Dar es Salaam na Mombasa kupitia chini ya bahari.

Si kila kitu kilifaulu. Shirika la ndege la Air Uganda, lililoanzishwa na kundi lake mwaka 2007, lilisimama mwaka 2014. Lakini fikra yenyewe wazee wetu waliijua kabla ya mikataba ya Arusha. Jahazi lililotoka hapa na boriti za mikoko lilifika Lamu, Mombasa, Mukalla na Sur; nahodha hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba mwambao ni mmoja. Pepo za kaskazi na kusi ndizo zilizokuwa jumuiya yake.

Forodhani inafunguliwa upya

Katika miaka ya 1980 Mji Mkongwe ulikuwa unaanguka. Mwaka 1985 Serikali iliunda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Katika miaka ya 1990 Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan iliichukua Zahanati ya Zamani, iliyokuwa imeoza, na kuitengeneza kuanzia msingi hadi roshani. Wasanifu wakiongozwa na Francesco Siravo walipima mji nyumba kwa nyumba na kuandaa mpango wa uhifadhi. Huko Shangani, jengo la zamani la simu za chini ya bahari, tulilolijua kwa jina la Extelcoms, likawa hoteli ya Serena. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia.

Kisha ikaja zamu ya bustani. Mnaikumbuka ilivyokuwa: ukuta wa bahari umeliwa na mawimbi, maji ya mvua yanatuama, taa hakuna, moshi na takataka kila mahali. Ilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2008 na kufunguliwa Julai 2009. Ukuta uliimarishwa, mifereji ikachimbwa, njia zikatandazwa mawe, taa na mabenchi vikawekwa, miti mikubwa ikaachwa, wauza chakula wakapangiwa mahali pao.

Wakati ule walikuwepo waliokuwa na wasiwasi. Tulisikia kwenye barza zetu: "Watatengeneza vizuri, kisha watatia geti." Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu ya yale tuliyoyaeleza ya Sardinia. Mtu aliyejenga gati la matajiri wa Ulaya angeshindwaje kujenga jingine hapa? Mashua zingepanga foleni.

Geti halikutiwa. Hilo ndilo tunalotaka watoto wetu walijue. Mrithi mmoja alishughulikia fukwe mbili. Moja aliikuta haina watu, akaijenga kwa ajili ya wageni matajiri, ikatoka nzuri na ya gharama. Nyingine aliikuta ina wenyewe, na ilipotengenezwa wenyewe walibaki. Tunaamini tofauti haikutokana na moyo wa mtu mmoja tu. Forodhani ilikuwa imejaa watu: muuza miwa, mvuvi, mpiga mbizi, bibi anayepunga upepo. Mahali panapotumiwa kila siku ni pagumu kufungwa. Ukingo wa bahari ulitetewa na waliokuwa wanaukalia.

Hata michezo ya baharini tunayo ya kwetu. Tangu kuanza kwa Tamasha la Nchi za Jahazi mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wamesimama kwenye ukuta huo kushangilia mashindano ya ngalawa. Yoti za watu wa mbali hutia nanga mbele yetu, nasi tunawakaribisha. Ila ngalawa ya Nungwi inapopasua maji na tanga lake lililotiwa viraka, ukuta mzima hupiga kelele, na kelele hizo hazihitaji uanachama.

Deni letu

Ndugu zetu, sasa tuseme lililotufanya tuandike.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, na watu 2 wakapoteza maisha. Jumba lililohimili mizinga ya 1896 liliangukia mbele ya macho yetu. Wengi mlioko Maskati, Dubai, London na Toronto mlitupigia simu usiku ule mkilia kama mliofiwa na mzazi.

Tulilojifunza ni kwamba jengo letu halianguki siku moja. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Dari ni boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Adui wa nyumba hii ni maji. Bati moja likitoboka, au mfereji wa paa ukiziba majani, maji hushuka ndani ya ukuta na kuila chokaa polepole. Boriti inaoza pale inapoingia ukutani, mahali macho yasipofika. Mwenye nyumba akiona ufa hupaka saruji, na saruji huyafungia maji ndani, ugonjwa ukazidi. Masika moja nzito inakuja, na asubuhi tunakuta kifusi kichochoroni.

Kuzibua mfereji hakuhitaji Aga Khan. Hakuhitaji Benki ya Dunia, ambayo mkopo wake ulijenga upya ukuta wa Mizingani. Kunahitaji ngazi, fundi, chokaa iliyolowekwa vizuri na mtu wa kulipa kabla ya mvua. Tatizo la nyumba zetu nyingi ni kwamba ni za urithi. Warithi 14 wamo katika nchi 5, na kila mmoja anamsubiri mwenzake. Anayekaa ndani ni shangazi mzee asiye na uwezo wa kupanda hata darini. Mwisho nyumba inauzwa kwa bei ya kifusi, inageuzwa hoteli, na familia inahamia Mwanakwerekwe. Hapo bustani ya Forodhani itabaki bila geti, lakini waliokuwa wakiikalia watakuwa hawapo karibu. Ufukwe ukikosa wenyewe, geti huja lenyewe bila ya kujengwa.

Kwa hiyo mfuko wa mwaka huu una kazi moja tu: mapaa na mifereji ya nyumba ambazo familia bado zinaishi, kabla ya masika. Nyumba za wajane na wazee zitatangulia. Kila kazi itakuwa na vijana wawili wa mtaa chini ya fundi mkongwe, ili ujuzi wa chokaa na boriti usizikwe na wazee wanaoujua. Jumba lolote lililokwisha kuwa hoteli halitapata senti ya mfuko huu. Wao wana uwezo. Hesabu zitabandikwa ukutani, kila risiti, na mwenye swali atakaribishwa aulize mbele ya watu.

Tunaomba mlipe kama ada ya kila mwaka, hata ikiwa ndogo. Tuliona wa Porto Cervo, pamoja na utajiri wao, hawakutegemea ukarimu wa mtu mmoja. Waliandikiana daftari. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kila mwaka ni bora kuliko pishi la mara moja. Mwenye nyumba ya urithi atusaidie jambo jingine lisilo la fedha: awaandikie nduguze wote, wamteue mmoja wao atakayeruhusu fundi kupanda juu. Nyumba kadhaa tulizozikagua zilikosa ruhusa tu, fedha zilikuwepo.

Barghash aliacha jumba, Topan aliacha roshani, Seyyid Khalifa aliachiwa bustani kwa jina lake, na Karim Aga Khan aliitengeneza alipoikuta imechoka. Kila mmoja alifanya yake akaenda. Uimamu wake sasa umeshikwa na mwanawe, Rahim, na yeye ana mipango yake ya kufikiria. Sisi hatukurithi mamlaka wala benki. Tulirithi kuta, na kuta zinavuja.

Jioni mtakaporudi likizo, njooni Forodhani. Tutakaa kwenye benchi, tutakunywa maji ya miwa yaliyotiwa ndimu na tangawizi, tutawatazama wajukuu wakiruka ukutani. Kisha geuzeni macho nyuma ya bustani, mtazame mapaa. Fomu ya mchango iko ukurasa unaofuata.

Wabillahi tawfiq.